Ukisema Ngoja, Sema na la Pili

Bangwe, Kigoma
16 Februari 2025

Mpwa wangu Asnath,

Mwakeye, mama. Salamu nyingi kutoka huku mwisho wa reli. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako Rozalia anashinda Kibirizi na dagaa wake, maana mwezi umeingia gizani na mitumbwi inarudi imelemewa. Binti yangu Wema anakusalimu sana. Mapacha wake wameota meno na wanauma kila kitu, mpaka beti yako ya zamani ya kriketi iliyosimama nyuma ya mlango.

Usishangae kupata barua zama hizi. Simu yangu imeanza utundu: mtu akinipigia nasikia kama anakaanga migebuka. Wema anasema tatizo si simu. Wema ana maneno mengi. Basi wewe niandikie tu. Jeremia, yule mhudumu wa treni, amekubali kuwa posta yetu, na kila treni inapoingia nitakuwa kituoni kumpokea.

Sasa neno lililonikalisha chini. Mashindano ya kriketi ya kanda yatakuwa Tabora mwezi wa nane. Wasichana wangu wa shule wako tayari kuliko wakati wowote tangu enzi zako. Lakini mwalimu mkuu anasema mimi nimeshastaafu, nimechoka, na bila kocha mwingine hawapandi treni. Nimembembeleza mpaka nimeona haya.

Wewe unaishi na wachezaji wakubwa. Kati ya hao wanaokaribia kutundika beti, yupi atakuwa kocha mzuri? Fikiri kabla hujajibu. Kuna anayecheza vizuri, na kuna anayeweza kumfanya mwenzake acheze vizuri, na mara nyingi hao ni watu wawili tofauti. Tena awe mtu wa kuweza kula ugali wa muhogo bila kukunja uso.

Uwanja uko palepale, kati ya michikichi na ziwa. Sheria nayo ni ileile: mpira ukiingia ziwani ni mikimbio sita, na aliyeupiga anaufuata mwenyewe.

Mjomba wako akukumbukaye,
Castory


Kinondoni, Dar es Salaam
9 Machi 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikinuka dagaa, na mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimeanza biashara. Niliinusa mara mbili kabla ya kuifungua. Mpe mkaza mjomba shikamoo yangu, na umwambie Wema mapacha waachwe waitafune ile beti, imekula mipira ya kutosha.

Mimi ni mzima. Joto la huku linatutoa roho, lakini tunaishi. Timu ipo, mazoezi yapo.

Nimekaa na swali lako wiki nzima. Wa kwanza kumfikiria ni Melania, mpigaji wetu mkubwa, anayestaafu mwaka huu. Kila mtu anasema atakuwa kocha, kwa sababu hakuna aliyepiga kama yeye. Mimi nakataa. Nilimwuliza siku moja anaupigaje mpira unaopinda, akaniangalia kama nimemwuliza anapumuaje. Akasema, "Unauangalia, halafu unaupiga." Hakuwa ananinyima. Hajui. Mpira haujawahi kumsumbua hata ajiulize.

Winfrida, mrushaji, ana jicho kali. Kosa lako analiona kabla hujalifanya. Ila hana subira, na watoto wanalia. Kwa watu wazima angefaa. Kwa wasichana wako, watarudi kwenye netiboli siku ya pili.

Ambaye ningekupa kwa mikono miwili ni Urbanus wa timu ya wanaume. Huyo kakaa benchi miaka na miaka akibeba maji. Wenzake walikuwa wanamcheka, kumbe mwenzao anatazama. Anajua nani anainua kisigino, nani anafumba macho. Ugumu ulimsomesha. Lakini amekwisha kuchukuliwa, yuko Mwanza.

Kwa upande wangu, ngoja msimu uchangamke, nitakuandikia habari zangu vizuri.

Nakumbuka upepo wa ziwa, Mjomba. Huku upepo upo, lakini si wetu.

Mpwa wako,
Asnath


Bangwe
4 Mei 2025

Asnath mama,

Habari za siku nyingi? Usidhani nilikususa. Mvua ilibeba tuta la reli na treni ikakaa bila kuja. Mimi nilienda kituoni hivyohivyo, na mabaharia wa bandarini wakaanza kuniuliza kama nimeajiriwa kulinda reli. Barua yako nimeipata juzi.

Nyumbani ni wazima. Rozalia ameuza vizuri na amenunua kitenge ambacho haruhusu mtu akiguse. Mwandiko wangu ukiuona umepinda, ni jicho la kushoto limevimba kidogo. Nilijigonga mlangoni.

Sifa za kina Melania nimezisoma mara nyingi. Umepima watu vizuri, na nimefurahi kuliko unavyodhani. Urbanus amechukuliwa, sawa. Lakini ile sababu yako, kwamba ugumu ulimsomesha, hiyo haijachukuliwa na mtu. Tafuta mwingine aliyesomeshwa na ugumu.

Ila nina ugomvi na wewe. Umeniandikia kurasa mbili za watu, na juu yako mstari mmoja, na ndani ya mstari huo kuna ngoja. Mimi nilikufundisha hivyo? Wapigaji wako wawili, kila mmoja upande wake. Anayeuona mpira ndiye anayeita. Akisema njoo, mnapishana mbio. Akisema rudi, mnarudi. Akisema ngoja, hajajibu bado, amekopa pumzi tu, na ni lazima aseme neno la pili. Ukimwachia mwenzako ngoja peke yake, umemwacha katikati ya njia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na uwanjani huangusha vijiti, ukatolewa mchezoni.

Au umesahau Tabora, wewe na Wema? Mpira ulikwenda nyuma yake, ukauona wewe, na badala ya kumwita kwa njoo kama nilivyowafunza, ukaita kwa lugha ya kwetu: ingo! Kama bibi yako alivyokuwa akituita kula. Wema, kwa kelele za watu, akasikia ngo, akadhani ni ngoja. Akasimama katikati akakuuliza, "Umesemaje?" Watu wa Tabora wanacheka mpaka leo. Tangu siku hiyo nimepiga ingo marufuku kwenye uwanja wangu. Ni neno la nyumbani, libaki nyumbani.

Basi nijibu. Hujanitajia mechi hata moja.

Mjomba wako,
Castory


Kinondoni
18 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na jicho lako.

Mlango gani huo, Mjomba? Nilimpigia Wema, akasema milango yote ya nyumbani ni ya pazia isipokuwa ule wa mbele. Kisha akalia. Ameniambia yote. Wasichana walikuwa wanapiga, wewe umesimama upande wa michikichi, na mpira ukakujia. Wakapiga kelele wote, angalia, Mwalimu, angalia, na wewe ukaendelea kutazama ziwa. Mpaka ulipokupiga.

Kwa hiyo si simu. Tangu lini? Mficha maradhi kilio humfichua, wewe mwenyewe ndiye uliyetuandikia methali hiyo ubaoni. Nimekasirika, na nimelia pia, na sijui kipi kilitangulia.

Nimemwambia Wema awafundishe yeye. Amesema ana mapacha na dagaa, na kwamba kocha aliyesimama katikati ya njia atawafundisha wenzake kusimama.

Kuhusu mtu wa kukupa, bado natafuta. Kila ninayemfikiria ana timu, au ana watoto, au akisikia Kigoma anauliza ni siku ngapi kwa treni halafu anabadilisha mazungumzo.

Jana kulikuwa na msichana mdogo kwenye mazoezi, ndiyo kwanza ameanza. Kila akipiga, beti inamgeuka mkononi. Waliokuwapo walikuwa wanamwambia akaze, akaze. Nilimtazama nikaona mkono wake wa juu ndio unaokaza, wa chini umelala. Nikampa kikombe ajaze maji, nikamwambia anyooshe ule mkono wa chini akishike bila kumwaga. Alipoelewa alicheka kwa sauti, Mjomba, kama amepewa zawadi. Tulikaa hapo mchana wote. Zamu yangu ya kupiga iliitwa, sikusikia. Nilipokumbuka, walikuwa wanakunja nyavu.

Kuhusu mechi, ngoja kidogo. Najua utasemaje. Ngoja tu.

Asnath


Bangwe
8 Juni 2025

Mama Asnath,

Salamu za nyumbani ni nyingi kuliko karatasi. Rozalia amekuandalia dagaa, na mawese ya mwaka huu ni mazuri. Atayafunga treni ijayo.

Umenikamata. Sikio la kulia lilikwenda mwaka juzi, taratibu, kama mgeni anayeaga mlangoni na haondoki. La kushoto limefuata mwaka jana baada ya Krismasi. Daktari wa hospitali kaniangalia, kanipa kifaa, nacho kinaniletea kelele zote kwa mpigo. Nimekiweka kabatini.

Sikukuambia kwa sababu ungeniuliza kama nitaendelea kufundisha. Siwezi, mwanangu. Mpigaji anaita na mimi simsikii. Naona midomo inafunguka, naona miguu inakwenda, sijui nani alimwita nani. Wanagongana, mimi nimesimama na filimbi ambayo nayo siisikii.

Nikueleze na lingine, kwa kuwa nimeshaanza. Ziwa limeninyamazia. Nilizaliwa hapa, nimelala na sauti yake maisha yangu yote, na sasa nakaa ufukweni naliona linakuja na kurudi bila neno. Nilitaka mtu wa nyumbani akae na mimi pale aniambie kama leo linanguruma au linanong'ona. Rozalia anasema linafanya kama kawaida yake. Rozalia hajawahi kuwa mtu wa maelezo.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Nimeisoma habari ya msichana na kikombe cha maji. Nimemsomea Rozalia. Nimemsomea hata mwalimu mkuu, ofisini kwake, akanitolea kiti. Asnath, miaka yote niliyofundisha sijawahi kuona mchezaji anayesahau zamu yake. Atasahau chakula, atasahau ndugu, zamu hasahau. Anayesahau zamu yake kwa sababu ya mkono wa mtoto wa mwenzake ni mtu mwingine kabisa, na mtu huyo ana jina lake.

Kinyozi hajinyoi. Umewapima wote, ukamruka mmoja. Mimi sisemi zaidi.

Castory


Kinondoni
22 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hapa hatujambo. Mama mwenye nyumba anakusalimu, siku hizi anakuita mzee wa dagaa.

Majina ya timu yalitoka mwezi wa kwanza. Langu halikuwamo. Bega nililoumia mwaka jana bila kukuambia halijapona, na wamekuja wasichana wepesi, wazuri, siwezi kusema nimeonewa. Mpaka leo asubuhi nabeba begi langu naenda uwanjani, ili mama mwenye nyumba asiniulize, na ili nami nisijiulize. Wananiacha nifanye nao mazoezi kwa heshima tu. Hiyo ndiyo ngoja yangu. Nilikuwa nangoja jina langu liitwe.

Na sasa nakuambia wazi: natamani nyumbani. Natamani mpaka nikipita sokoni nikaona mawese nasimama kama nimeona ndugu. Nikifumba macho nasikia ziwa. Sikujua kama wewe hulisikii, na siku niliyosoma hayo nilitamani kukupa masikio yangu uende nayo ufukweni jioni moja tu.

Lakini Mjomba, hata wewe umenikosea. Umeuliza nani, nani, nani. Umezunguka michikichi yote. Umeandika kinyozi hajinyoi, ukasema husemi zaidi. Kwa nini husemi? Nikirudi bila kuitwa, Bangwe nzima itasema Asnath kashindwa Dar, karudi kula mawese. Hilo naliweza. Nisiloliweza ni kushuka pale kituoni nikaona usoni mwako kwamba umenihurumia.

Mpira uko nyuma yangu, siuoni. Sijui kama mchezo wangu umekwisha au bado. Wewe unauona. Anayeuona mpira ndiye anayeita, si ndivyo? Basi niite. Au niambie nibaki. Neno moja linatosha.

Mpwa wako,
Asnath


Bangwe
6 Julai 2025

Asnath, mtoto wa dada yangu,

Mwakeye. Wasichana wanakusalimu. Wamesikia habari ya kikombe, na sasa hakuna kikombe nyumbani kwangu kilichobaki na mkono wake.

Naandikia hapa kituoni, juu ya goti, na Jeremia ananionyesha saa yake. Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua hii na kuichana siku kadhaa.

Unaniuliza kwa nini sisemi. Nitakuambia. Anayeita hana hatari sana, mama. Anayeitwa ndiye anayetoka kwenye mstari wake na kukimbia bila kuona. Nikikuita vibaya, vijiti vinavyoanguka ni vyako. Nilimwona Wema siku ile amesimama peke yake katikati, na sijaisahau sura yake. Nikaapa sitamwita mtu wangu nikiwa sina uhakika. Na mimi nina sababu ya kutojiamini: ninataka urudi. Nataka mno. Mtu anayetaka mno haoni mpira vizuri. Sijui ninakuita kwa faida ya wasichana, au yako, au ya mzee anayetaka mtu wa kukaa naye ufukweni.

Bega linaweza kupona. Jina linaweza kuitwa mwakani. Hayo nimeyapima. Tabora nayo iko karibu, na mwalimu mkuu anauliza kila siku. Nayo nimeyapima.

Rozalia kaniambia, "Mzee, mtoto kakuomba neno moja, wewe unampa hotuba." Ana haki. Basi neno lako hili hapa. Nimeliandika peke yake, chini, lisichanganyike na mengine.

…ngo…

Mjomba wako,
Castory


Dar es Salaam
16 Julai 2025

Mjomba Castory,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Mkaza mjomba alifunga dagaa vizuri, lakini kifuniko cha chupa ya mawese kililegea njiani. Jeremia alinikabidhi mzigo mwekundu, na barua yako imo katikati yake. Sehemu ya juu nimeisoma yote. Chini, pale ulipoandika neno langu peke yake lisichanganyike, mafuta yamekunywa wino. Zimebaki herufi tatu: n, g, o. Mbele yake doa, nyuma yake doa.

Nimeishikilia dirishani. Nimeinyunyizia unga kama mkaza mjomba anavyofanyia kitenge. Mama mwenye nyumba alivaa miwani akasema anaona j. Dada wa chumba cha pili akasema haoni j, anaona i mwanzoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu sikucheka tena. Neno lako ni lile la bibi au ni lile la uwanjani, sijui.

Nilichukua simu nimpigie Wema akuulize. Ikaita. Nikaikata kabla hajapokea. Nilimkumbuka Tabora, amesimama katikati, ananiuliza, "Umesemaje?" Vijiti havikuanguka kwa sababu alisikia vibaya, Mjomba. Angekimbia angefika, na angerudi pia angefika. Vilianguka kwa sababu alisimama kuuliza.

Kwa hiyo sikuuliza. Begi nililokuwa nabeba kila asubuhi kwa kuwadanganya watu, leo nimelibeba kweli. Winfrida alinisindikiza, akanipa mipira yake ya mazoezi, akaniambia kwa ukali wake uleule kwamba kama wasichana wako wakishindwa Tabora atakuja mwenyewe. Melania alinikumbatia akasema, "Utawafundisha tu." Sasa ndiyo naona kwamba kwake hiyo ni sifa.

Uliandika kwamba mtu anayetaka mno haoni mpira vizuri. Mimi nami ninataka mno. Basi hakuna kati yetu anayeuona, na mchezo unaendelea. Ukinihurumia nitaona usoni mwako, na nitavumilia. Tabora ikipita, tukishinda tukishindwa, jioni nitakaa na wewe ufukweni nikuambie linasemaje. Nina maelezo kuliko mkaza mjomba.

Barua hii anaibeba Jeremia kama kawaida, maana nikikueleza kwa mdomo hutanisikia. Atakupa mkononi pale kituoni. Nimemwambia asiseme kitu, asigeuke, akusubiri usome mpaka mwisho. Mimi nimekuja na treni yake. Nimesimama nyuma yake.

Kama uliandika ingo, Mjomba, nimefika. Na kama uliandika ngoja, nitangojea hukuhuku nyumbani.

Asnath